Sindano Zote kwa Uzi Mmoja

Kwa jina la Mola amwangaliaye kiumbe tumboni kabla mama hajamjua, ampaye pumzi kabla hajajua kuiomba, naanza kisa hiki. Sifa njema zote ni Zake, na rehema zimshukie Mtume Wake na kila aliyemfuata kwa mema. Baada ya hayo, wasomaji wangu wadogo, ni adabu kuwatambua watu kabla ya kusikiliza habari zao. Basi nitawapanga kama wapangwavyo wageni, mkubwa mbele.

Wa kwanza ni Bibi. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana wake, na sare nyingi za shule mtaani zilipita mikononi mwake. Wa pili ni Mkunga, jirani na shoga yake wa tangu zamani. Alikwisha kustaafu kazi ya hospitali, lakini hakumsahau mtu yeyote aliyempokea duniani. Akikutana na bwana mwenye ndevu na tai shingoni, humwambia mbele za watu, "Wewe ulitanguliza makalio, ukatukesha bure." Wa tatu ni mjukuu wa Bibi, msichana wa darasa la sita, ambaye wenzake walimpa jina la Tangazo. Akifuta ubao, darasa zima lazima lijue. Akimsaidia mtu kubeba ndoo ya maji, habari hufika sokoni kabla ndoo haijafika mlangoni.

Kila siku, alipotoka shule kwa chakula cha mchana, Tangazo alinawa, akala, kisha akaketi sebuleni karibu na cherehani kutunga uzi kwenye sindano. Bibi na Mkunga walikuwa wakishona nguo za watoto njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla miezi yao haijatimia. Kichwa cha mtoto njiti ni kama chungwa kubwa, na hakuna duka linalouza kofia ya kichwa hicho. Mafundi wa mtaani waliwapa mabaki ya flaneli nyeupe, laini. Bibi aliunganisha vipande kwa cherehani, lakini mapindo yote yalishonwa kwa mkono, kwa kuwa mshono wa mashine hukwaruza ngozi iliyo nyepesi kama utando wa kitunguu. Hakuna aliyewalipa, wala hawakudai.

Tatizo lilikuwa macho. Vidole vya wazee hao viliijua njia hata gizani, ila tundu la sindano lilikuwa limewakimbia siku nyingi. Kwa hiyo Tangazo alikata uzi wa urefu wa mkono, akaupitisha tunduni, akapiga fundo, akaichomeka sindano kwenye kifuko kilichojazwa pamba, kisha akashika nyingine. Wazee wakishona mchana kutwa, walichopoa tu sindano iliyo tayari.

Kulikuwa na tatizo la pili, nalo halikuhusu macho. Bibi na Mkunga walikuwa hawasemezani. Waligombana juu ya kijoho cha mtoto njiti, kama kifungwe kwa kamba za mbele au za nyuma, na tangu hapo kila neno lilipitia kwa Tangazo.

"Mwambie huyo aliyekaa karibu na dirisha," alisema Mkunga, "kwamba kijoho hufunguliwa mbele. Muuguzi akitaka kusikiliza moyo wa mtoto, ambiringishe kama gogo?"

Aliyekaa karibu na dirisha alikuwa Bibi, na magoti yao yalikuwa yanakaribia kugusana.

"Mwambie huyo aliyevaa kastabini yangu kidoleni," Bibi alijibu, "kwamba kamba zikiwa mbele mtoto atazinyonya."

"Mwambie mtoto njiti hana nguvu ya kunyonya kamba."

"Mwambie basi na yeye apunguze nguvu za kusema."

Tangazo alikwisha kuchoka kuzipeleka salamu hizo. Aligeuza shingo tu, huku na huku, na wazee wakamhesabu kuwa amezifikisha.

Ikawa katika muhula huo mwalimu wao wa darasa alitangaza tuzo. Mwanafunzi atakayeonekana kuwa mstari wa mbele katika kujitolea angepewa mkoba mpya wenye mifuko mingi, na kila aliyetaka kushindana angesimama mbele ya wenzake kueleza anachokifanya. Tangazo aliuona ule mkoba ukining'inia kwenye kiti cha mwalimu, akauona moja kwa moja mgongoni mwake.

Jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Nusu Saa kwa sababu hakupata kuwahi popote, alimfuata mapumzikoni. Alikuwa pamoja na Kipa, mlinda lango wa timu ya shule, kijana mwenye viganja vipana kama sinia.

"Tunataka kuja kwa bibi yako tusaidie," alisema Nusu Saa. "Mama anasema watoto wale ni wengi kuliko nguo."

"Sindano zimekwisha," alijibu Tangazo.

Hazikuwa zimekwisha, zilikuwa nyingi mno, nyingine zilianza kuota kutu ndani ya kopo. Lakini Tangazo alipiga hesabu zake: kazi ikiwa ya watatu, mkoba utakuwa wa nani?

Siku ya maelezo ilifika. Tangazo alirudi nyumbani mchana huku kichwa kimejaa maneno atakayoyasema, na chakula akakila amesimama. Alipoketi kutunga uzi, aliona kwamba akikata, apige fundo, achomeke, akate tena, atachelewa. Ndipo akapata wazo lililomfurahisha sana. Aliuchukua uzi mmoja mrefu kutoka kwenye koni, akazipitisha sindano zote humo, moja nyuma ya nyingine, kama shanga. Akapiga fundo mwanzo na fundo mwisho, akazichomeka zote kifukoni na kuuzungushia uzi uliobaki kati ya sindano na sindano. Kukata atakata akirudi. Kwa mbali kifuko kilionekana kimepambwa vizuri kuliko siku zote.

"Tayari, Bibi," alisema akiwa mlangoni.

"Mbona leo haraka hivyo?"

"Nimezoea," alijibu, akatoka mbio.

Huku nyuma wazee walianza kazi. Bibi alichopoa sindano upande wake, Mkunga upande wake. Uzi mweupe juu ya flaneli nyeupe hawakuuona, na vidole vyao vilikuwa vikisikiliza pindo tu.

"Leo uzi una baraka," Bibi alijisemea baada ya muda. "Nashona, nashona, hauishi."

Mkunga naye alikuwa ameliona jambo hilo, lakini kulikubali kungekuwa kumuunga mkono Bibi, akazidi kushona. Punde si punde kitambaa kikamteleza magotini. Akakivuta. Cha Bibi kikateleza. Bibi akakivuta. Cha Mkunga kikaondoka tena, safari hii pamoja na kofia mbili alizokwisha kuzimaliza. Mjumbe wao hakuwapo, basi Mkunga akaigeukia cherehani.

"Wewe cherehani," alisema, "mwambie mwenyewe aache kunivuta. Mimi ni mtu mzima."

"Cherehani," alisema Bibi, "mwambie anayevuta ni yeye."

Wakaendelea hivyo, mmoja akivuta na mwingine akivuta, mpaka muuguzi wa wodi ya njiti alipoingia akihema, kofia ya kazi imekaa upande.

"Hodi, mama zangu, samahani. Tumepata mapacha, watatu kwa mpigo, na miezi yao haijafika. Kabati letu ni tupu. Tumekata soksi mpya za daktari, tukazichemsha na kuzikausha, tukawavika vichwani, lakini zinawashuka mpaka kidevuni. Mnajua wenyewe, mtoto njiti akipoa kichwa amepoa mwili mzima. Mmemaliza ngapi?"

"Chukua hizo hapo," walisema wote wawili kwa pamoja, kisha wakanuniana kwa kuwa wamekubaliana.

Muuguzi alishika kofia ya juu. Ya pili ikainuka nyuma yake. Nyuma ya kofia kikainuka kijoho, nyuma ya kijoho kofia nyingine, na msafara ule ukaenda mpaka mapajani mwa Bibi, ukazunguka, ukapanda mapajani mwa Mkunga. Mkunga akasimama aone kuna nini, na pindo la gauni lake likasimama pamoja na kijoho, kwa maana alikuwa ameviunganisha kwa mshono wa hali ya juu.

Muuguzi alitazama zile nguo zilizotandazwa hewani kama za kuanikwa. Alijaribu kutumbukiza vidole ndani ya kofia moja, lakini kwa kuvutana kule midomo ya kofia ilikuwa imefinyana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba.

"Nina zamu, siwezi kukaa," alisema kwa upole. "Nitarudi kabla ya jua kuzama. Nawaombeni kofia tatu zinazoingia kichwani. Tatu tu kwa leo."

Wakati huohuo Tangazo alikuwa mbele ya darasa, mkono mmoja kifuani. Alieleza anavyoyatoa macho yake kwa ajili ya wazee wasioona, peke yake, bila msaada wa mtu. Wenzake walipiga makofi. Nusu Saa alipiga pia, polepole, na akamaliza baada ya wote.

Tangazo aliingia nyumbani na makofi yale bado masikioni. "Bibi, leo nimesema mpaka mwalimu ame..."

Hakuendelea. Bibi aliinua kofia moja, na nguo zote zikainuka.

"Hii ni kazi yako?" aliuliza Bibi.

"Nilitaka kuwahi, Bibi."

"Kuwahi wapi?"

"Shule. Kusema."

"Kusema nini?"

Tangazo alitazama miguu yake. "Kwamba natunga uzi."

Mkunga ndiye aliyeshindwa kujizuia wa kwanza. Bega lilimtikisika, kisha la pili, kisha akacheka mpaka uzi ukamvuta Bibi naye, na Bibi akacheka bila kutaka. "Ameiacha kazi ili akaisifu kazi," alisema Mkunga akijifuta macho. Halafu kicheko kikamwishia, akamweleza Tangazo habari za wale watatu na soksi za daktari.

Tangazo hakucheka hata kidogo. "Si tukate tu hapa katikati?"

"Ukikata, mshono utafumuka wenyewe kuanzia mwanzo," alisema Bibi. "Na midomo imekwisha kufinyana. Lazima kufumua taratibu, kunyoosha, kushona upya. Kwa macho yetu haya, mpaka jua lizame, hatufiki. Na macho yako mawili hayatoshi. Huna wenzako?"

Swali hilo lilimchoma kuliko sindano. Wenzake aliwajua walipo, na alijua alichowaambia. Akatoka.

Uwanjani Kipa alikuwa langoni, na Nusu Saa alikuwa ndiyo kwanza anafika kutazama mechi iliyokuwa inakaribia kwisha.

"Nahitaji msaada," alisema Tangazo.

Nusu Saa alimtazama bila haraka, kama afanyavyo kila jambo. "Si sindano zimekwisha?"

"Niliwadanganya. Zipo nyingi."

"Na wewe si unafanya peke yako, bila msaada wa mtu? Nilikusikia. Nilipiga na makofi."

"Nilichofanya peke yangu ni kuharibu," alisema Tangazo, na sauti yake ikawa ndogo. "Kuna watoto watatu wamevaa soksi kichwani kwa sababu yangu. Mtanisema vizuri baadaye, nitakaa niwasikilize. Sasa hivi njooni."

Kipa alikuwa amesikia yote kutoka langoni. Akavua glavu, akaanza kutembea.

"Wewe," wachezaji walimwita, "lango anakaa nani?"

"Tunafungwa hata nikiwepo," alijibu, na mpira ukapita nyuma yake kuthibitisha.

Bibi aliwanawisha mikono kwa sabuni, akawapanga. Nusu Saa alipewa kufumua, na ule upolepole wake uliomletea adhabu shuleni ukawa sasa ni tunu: alichomoa uzi tundu baada ya tundu, na kitambaa hakikutoboka. Kipa alijaribu kutunga sindano, lakini sindano ilipotelea ndani ya vidole vyake, ikabidi itafutwe. Mkunga akaushika mkono wake, akaukunja ngumi, akaupima kwa jicho la mtu aliyepokea vichwa vingi.

"Hiki ndicho kichwa chetu," alisema. "Kaa hapa, mwanangu, usikunjue."

Basi Kipa akaketi na ngumi juu, na kila kofia iliyonyooshwa ikavishwa ngumi yake. "Inabana masikioni," alisema mara moja, na watu wote wakamtaka asizidishe.

Tangazo alitunga uzi kwa wote, safari hii akikata kila mmoja na kuupigia fundo lake. Alipomaliza, Bibi akamsukumia kofia ya tatu. "Hii shona wewe. Sisi tunazo zetu."

"Sijui kushona, Bibi."

"Utajua kabla ya magharibi."

Alishona akajichoma, akashona tena. Mwanga wa dirishani ulianza kuwa wa manjano. Mkunga alipofika kona ya kofia yake, akainua kichwa. "Mwambie huyo..." alianza, akatazama huku na huku. Tangazo alikuwa na uzi mdomoni, Nusu Saa alikuwa amezama, na Kipa alikuwa kichwa cha mtoto. Hapakuwa na mjumbe. Mkunga akavuta pumzi. "Shoga, nipitishie mkasi."

"Huu hapa," alisema Bibi, akamkabidhi, na ikawa hivyo tu.

Muuguzi alirudi jua likiwa limegusa mapaa. Aliweka mkono ndani ya kila kofia, akavuta mdomo wake, akaukagua mshono wa ndani. Ya Tangazo ilikuwa imelala upande mmoja. Aliigeuza mara kadhaa.

"Laini, na inaingia," alisema muuguzi. "Imepinda, lakini hata mapacha wenyewe hawajanyooka bado. Nawashukuruni sana."

"Na vijoho?" aliuliza Mkunga. "Vya mbele au vya nyuma? Sema ukweli, usimwogope mtu."

"Wale wa leo hawavai kijoho, mama. Wanalazwa vifuani mwa mama na ndugu, ngozi kwa ngozi, wamevaa nepi na kofia basi. Joto la mtu ndilo kijoho chao."

Muuguzi alikwenda. Wazee walibaki wakitazamana.

"Tulikuwa tunagombania nini?" aliuliza Mkunga.

"Mgongo usiovaa kitu," alisema Bibi.

Kesho yake Tangazo alimfuata mwalimu kabla ya kengele, akamweleza habari yote, pamoja na sehemu zisizompendeza. Mkoba ulikwenda kwa mwanafunzi wa darasa la saba aliyekuwa akijaza pipa la maji ya kunawia kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kujiuliza maji yale yanatoka wapi. Tangazo alimpigia makofi. Mwanzoni yalikuwa mazito kidogo, baadaye yakawa mepesi.

Nusu Saa na Kipa hawakuacha kwenda kwa Bibi. Wiki kadhaa zikapita, mpaka siku moja wazee waliwachukua watoto kupeleka mzigo wa nguo hospitalini. Kwenye benchi la nje ya wodi aliketi mwanamke amejiandaa kurudi nyumbani, mtoto mmoja kifuani pake, na ndugu zake pembeni wamebeba wawili wengine. Mtoto wa kifuani alikuwa amevaa kofia iliyolala upande mmoja.

Tangazo aliutambua mshono wake kwa mbali. Kinywa kikafunguka chenyewe. Nusu Saa na Kipa waligeuka wakamtazama, wakasubiri.

"Imemkaa vizuri," alisema Tangazo.

Mama yule akatabasamu. "Nyingine nimemjaribisha, ananuna. Anaitaka hii iliyopinda. Sijui nani aliishona. Lakini kila nikimnyonyesha mwanangu namwombea mtu huyo, kwamba naye asikose wa kumfunika siku atakayokuwa na baridi."

Waliaga, wakatoka getini. Huko ndiko Tangazo alikosema, kwa sauti ambayo hata Kipa aliyekuwa karibu aliisikia kwa taabu, "Bibi, ananiombea na hanijui."

"Ndiyo," alisema Bibi. "Siku ile darasani ulipewa makofi, na nadhani yalikwisha kabla hujafika nyumbani. Hili la leo sijui litakwisha lini. Mjukuu wangu, kujitolea si kumpa mtu kitu ili watu wakuone wewe. Ni kuitazama haja ya mwenzako mpaka ujisahau kidogo. Na kazi kama hii huwezi kuifungia ndani iwe yako peke yako, kwa sababu haja ya watu ni kubwa kuliko mikono yako. Ungewakaribisha hawa wawili tangu mwanzo, wale watoto wasingevaa soksi."

"Wala usidhani sisi tunatoa tu," alidakia Mkunga. "Mimi nilipostaafu nilikuwa nalala mpaka mchana, na nikiamka kila kiungo kinaniuma. Kazi hii ndiyo iliyonisimamisha. Inanipa sababu ya kuvaa viatu asubuhi, na mtu wa kugombana naye."

"Kesho tunaanza na vijoho," alisema Bibi. "Vya nyuma."

"Vya mbele," alisema Mkunga.

Nao wakaendelea na njia yao, wakibishana uso kwa uso, watoto wakiwafuata.

Ewe Mola Mpole, uwape nuru ya macho wazee waliobaki na sindano mikononi, na uwape vijana wa kukaa karibu nao. Uwalinde wachanga wote waliotangulia miezi yao, na kila anayewafunika bila kujulikana, Wewe unayemjua mjulishe radhi Zako. Nasi tuliosalia utujalie mikono yenye manufaa na ndimi zenye staha. Amina.